Ndege wa Uani: Somo la Wazazi na Watoto Huko Murera

Mtoto hujifunza mambo mengi kabla hajafika shuleni, na mengi katika hayo hujifunza uani kwao. Hapo ndipo anapomwona kuku akitamia, siafu wakivuka njia, na ndege wakigombania papai lililoiva. Lakini mtoto asiyeelekezwa hutazama bila kutambua. Somo hili lakusudia kuwaonyesha baba na mama jinsi wanavyoweza kuwafundisha watoto maarifa ya viumbe nyumbani, pasipo gharama kubwa, na kueleza kwa nini kazi hiyo haifai kungojea.

Mahali panapotwaliwa kuwa mfano ni Murera, katika Kaunti ya Kiambu, pande za Ruiru na Thika. Zamani pande hizo zilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Miaka ya karibuni, hasa tangu barabara kuu ya kwenda Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi yamekatwa kuwa viwanja vya kujengea nyumba. Palipokuwa na vichaka na miti ya kivuli, sasa pana kuta na mabati. Katika mgawanyo huo ndege hawakupewa kiwanja. Wengi wao hukaa katika miti iliyobaki nyuani mwa watu. Basi mwenye kiwanja kidogo chenye mti mmoja, ajue au asijue, ndiye mwenyeji wao.

MTOTO NA MANATI

Na ifikiriwe nyumba moja ya huko. Kando ya ua pana mgunga, na katika matawi yake minana wamening'iniza nyumba zao. Mtoto wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, ametengeneza manati kwa mpira wa gurudumu. Alasiri moja amwangusha mnana dume, naye amleta kwa baba yake kwa furaha, kwa maana amelenga vyema.

Baba aweza kumchapa mtoto huyo, na mtoto atajifunza kuficha manati. Aweza pia kumsifu, na kesho ataangushwa ndege mwingine. Lakini iko njia ya tatu iliyo bora. Baba amketi mtoto chini, amweke ndege yule juu ya gazeti, nao wamtazame pamoja. Mdomo wake ni mfupi na wenye nguvu, nao ndio sindano yake ya kushonea. Miguu ina vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, vya kushikia tawi. Manyoya ya njano ni mavazi ya dume wakati wa kuzaa. Kisha waende wote wawili chini ya mti, waitafute nyumba aliyokuwa akiijenga.

Katika aina nyingi za minana, dume ndiye fundi. Huchana nyuzi za majani mabichi, akaanza kwa kusuka pete, kisha akazungushia chumba, na mlango akauelekeza chini. Nyumba ikiwa tayari, hujining'iniza hapo akipiga mabawa na kupiga kelele ili kumwita jike. Jike huingia, akakagua. Asiporidhika, huondoka, na dume aweza kuibomoa nyumba nzima na kuanza upya. Jike hupendelea nyumba mbichi, yenye rangi ya kijani. Nyumba iliyokauka huachwa.

Mtoto yule na apewe kazi moja tu: kila jioni aende kuitazama nyumba ya yule mnana aliyekufa. Siku ya kwanza ataiona ya kijani, mlango haujamalizika. Siku chache baadaye itakuwa imegeuka rangi ya nyasi kavu, na hapana jike atakayeingia. Wakati huohuo ataziona nyumba za jirani zikimalizwa, na majike wakileta manyoya laini ya kutandika ndani. Hakuna maneno ya baba yatakayomfundisha mtoto huyo zaidi ya nyumba ile iliyokauka.

VIFAA NA WAKATI

Watu wengine hudhani kwamba kutazama ndege ni anasa ya watalii wenye darubini. Sivyo. Darubini yafaa sana ikiwapo, lakini kwa ndege wa uani macho na masikio yatosha. Vifaa vya lazima ni daftari la mazoezi, kalamu ya risasi, na mahali pa kukaa kimya. Wakati ulio bora ni asubuhi, tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, na tena jioni jua linapoanza kupoa. Mchana wa jua kali ndege wengi hupumzika vivulini.

Watoto wadogo hawawezi kukaa kimya kwa muda mrefu, wala haifai kuwalazimisha. Robo saa yatosha. Mama aweza kufanya hivyo huku akichambua mboga kizingitini, kwa kuwauliza watoto: ni ndege gani aliyetua penye maji ya kuoshea vyombo? Yule mweusi na mweupe, atikisaye mkia kila anapotembea, atakuwa wa kwanza kuandikwa katika madaftari mengi.

MASWALI MANNE

Mtoto amwonapo ndege asiyemjua, na ajiulize maswali manne. La kwanza, ukubwa wake: je, alingana na shomoro, na tetere, au na kuku? La pili, mdomo wake una umbo gani? La tatu, rangi zake ni zipi, na ziko wapi katika mwili? La nne, afanya nini?

Swali la mdomo lina mafunzo mengi, kwa sababu mdomo hueleza chakula. Chozi, aliye mdogo na mwenye kung'aa, ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kunyonya maji matamu ya maua. Lakini hula pia wadudu na buibui. Shomoro ana mdomo mnene wa kuvunjia mbegu. Mwewe ana mdomo wa ndoana wa kuraruria nyama. Kwarara, ambaye kelele zake huwaamsha watu wa Ruiru na Thika alfajiri, ana mdomo mrefu uliopinda, wa kuchokolea nyungunyungu na wadudu katika udongo laini. Mtoto akiisha kufahamu hayo, aweza kukisia chakula cha ndege hata kabla hajamwona akila.

Swali la nne nalo hufumbua mambo ya ajabu. Huko kuna ndege mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mkia mrefu, ambaye hupenda kukaa peke yake juu ya waya. Hukamata panzi na mijusi wadogo, na mara nyingine huwachoma katika mwiba au katika waya wa senyenge, kama mchinjaji atundikavyo nyama dukani. Mtoto akimkuta panzi ameangikwa juu ya ua, asidhani ni uchawi. Na atafute mwenye nyama hiyo.

Kadhalika atawaona kuzumburu, wenye mikia mirefu kama panya, wakining'inia makundi makundi katika mpapai. Mkulima huwachukia, na kweli huharibu matunda. Lakini ni heri kulifunika tunda kwa mfuko au chandarua kuliko kuwaua. Ndege walao matunda hubeba mbegu na kuzidondosha mbali, na kwa njia hiyo miti mingi ya kienyeji, kama vile mugumo, huota mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda.

BUNDI SI ADUI

Yuko ndege mmoja ambaye watu wengi hawataki hata kumtaja usiku, naye ni bundi, ambaye Wakikuyu humwita ndundu. Mahali pengi inasemekana kwamba akilia juu ya paa, mtu wa nyumba hiyo atakufa. Kwa sababu hiyo hupigwa mawe, na watoto hurithi hofu ya wazee.

Haifai kuwadharau wazee mbele ya watoto, ila yafaa kuyachunguza mambo. Bundi humeza panya mzima, au vipande vikubwa, na baada ya saa kadhaa hutapika donge la manyoya na mifupa ambayo tumbo halikuweza kuiyeyusha. Madonge hayo huonekana chini ya mahali anapolala mchana, penye mti mkubwa au paa la ghala. Watoto na waliokote donge moja kwa kijiti, waliloweke majini, walifumue polepole, wapange mifupa juu ya karatasi, na baadaye wanawe mikono kwa sabuni. Wataona vichwa vya panya pamoja na meno yao. Na wavihesabu. Kisha baba na aulize: panya hawa wangalikuwa wapi leo kama bundi hangaliwala? Jibu liko katika ghala la mahindi.

Hapa pana onyo. Panya aliyekula sumu hafi mara moja. Bundi au mwewe akimla, sumu yaweza kumwua naye pia. Mwenye kuweka sumu hovyo uani humwua mlinzi pamoja na mwizi.

WAGENI WATOKAO MBALI

Kuanzia Septemba na Oktoba, ndege wengine huonekana ambao hawakuwapo mwezi wa Julai. Mbayuwayu wa Ulaya hupita juu ya mashamba wakikamata wadudu hewani. Katika majani ya miti huingia ndege mdogo wa rangi ya kijani hafifu na njano, asiyetulia, ambaye uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 10. Huyo huzaliwa Ulaya au Asia ya kaskazini, naye hukimbia baridi, akavuka bahari na jangwa hata akafika hapa. Mnamo Aprili hurudi kwao.

Habari hizi zilijulikana kwa kazi ya uvumilivu. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, wataalamu walianza mwaka 1969 kuwanasa ndege wa safari kwa nyavu nyembamba nyakati za usiku wa ukungu, wakawavisha pete ndogo zenye namba miguuni, na kuwaachilia. Pete ikionekana tena katika nchi nyingine, njia ya ndege huyo hujulikana. Mtoto wa Murera hana pete, lakini ana tarehe. Akiandika siku aliyomwona mbayuwayu wa kwanza mwaka huu, na tena mwaka ujao, ameanza kazi ya namna ileile.

Vivyo hivyo kwa mvua. Wakulima wengi husema kwamba yuko ndege wa jamii ya kekeo, mwenye kifua chekundu, aitaye kwa sauti tatu zinazoshuka, ambaye hutangaza mvua. Na mtoto aandike siku aliyoisikia sauti hiyo kwanza, na siku mvua ilipoanza. Baada ya miaka mitatu ataweza kuketi na babu yake na kulizungumza jambo hilo akiwa na daftari mkononi.

MAHALI PA KUPATA MSAADA

Familia isione kwamba iko peke yake. Chama cha kuchunguza viumbe vya Afrika Mashariki, ambacho leo hujulikana kama Nature Kenya, kiliundwa mwaka 1909. Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege asubuhi za Jumatano mjini Nairobi, na watu wengi walijifunza humo. Vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi wa Kenya vilianza mwaka 1968. Mwalimu wa shule aweza kuulizwa kama shule yake inacho kilabu cha namna hiyo. Aina za ndege zilizoonekana Kenya zimepita 1,000, kwa hiyo hapana mtoto atakayemaliza kazi hii upesi.

MAMBO YA KUSHIKA

Watoto wasiguse mayai wala makinda, wala wasikate tawi ili kuona vyema. Bakuli la maji yasiyo na kina kirefu liwekwe mahali ambapo paka hawezi kujificha, na maji yabadilishwe kila siku. Mti wa kienyeji upandwe ikiwa pana nafasi, na ikiwa hapana, ua wa maua penye ukuta utamleta chozi. Mti wenye nyumba za ndege usikatwe wakati wa kuzaa.

Na manati? Mtoto apewe shabaha nyingine, kama vile kopo juu ya nguzo, kwa maana ulengaji wake ni mzuri na si kosa. Kisha kesho asubuhi, kabla ya chai, aende na baba yake chini ya mgunga, ahesabu nyumba za kijani na nyumba zilizokauka, na aandike hesabu hiyo pamoja na tarehe katika ukurasa wa kwanza wa daftari.