KWA NINI NYAYO ZINAWAKA MOTO?

Katika vijiji vyetu vinavyozunguka Tosamaganga wapo wagonjwa wa siku nyingi wanaolalamika kwamba nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka likiwagusa ni taabu. Wengine hudhani wamerogwa. Tueleze kinachotokea ndani ya seli.

Seli ni chembe hai zilizoujenga mwili. Si vifuko vya maji tu. Ndani mna kiini kinachotunza maagizo ya urithi, na mna mitokondria, ambazo ni majiko ya kugeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Tena mna nyuzi nyembamba za protini: hizi ni nguzo na boriti za seli, na pia ni njia za kupitishia mizigo. Neva inayofika kidole cha mguu ina mkia wa karibu mita moja, na mitokondria husafirishwa juu ya nyuzi hizo hadi mwisho. Kwa hiyo majiko yakipungua, nyayo ndizo huumia kwanza.

Mitokondria zina maagizo yao wenyewe ya urithi (nayo twayapata kwa mama). Dawa za kupunguza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, mojawapo ilikuwa stavudini. Ilizuia virusi kuzaliana, ikaokoa wengi, tusiitukane. Lakini ilizuia pia maagizo ya mitokondria yasinakiliwe. Nyayo zikaungua, mashavu yakabonyea, wengine damu ikajaa asidi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua.

Vidonge vya sasa vya tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri haviyadhuru majiko hayo kwa namna ile. Anayeogopa dawa kwa sababu aliona mashavu ya jirani miaka ile, asiache kumeza.

Neva huharibiwa pia na VVU vyenyewe, kisukari, ulanzi wa kupindukia, hata isoniazidi ya kifua kikuu isipoambatana na vitamini B6. Ukipata ganzi au kuungua, mweleze muuguzi kabla hujaacha dawa yoyote. Na baridi ya Juni na Julai ikifika, mwenye ganzi asiote moto kwa nyayo: ataungua bila kusikia.