Ukungu wa Kijani na Haki ya Mnunuzi

Ndugu zangu, tunaifahamu Hadithi iliyopokewa na Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani. Alimlaumu muuzaji kwa kuficha kilicholowa, akawaonya wadanganyifu. Leo tuitazame Hadithi hii katika biashara ya mboji ya uyoga.

Mboji hiyo hutengenezwa kwa majani makavu ya ngano, samadi na jasi. Hupashwa joto la nyuzi 58 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa ili wadudu na vimelea wafe, kisha hupozwa hadi nyuzi 25 na kutiwa mbegu za uyoga. Hapo ndipo penye hatari. Mboji ni safi, chakula kipo tele, na washindani wengi wamekwisha kufa. Vumbi, nzi, nguo au chombo kichafu vikileta ukungu wa Trichoderma saa hiyo, hutanda upesi.

Mwanzoni ukungu huo ni mweupe, nao hufanana na nyuzi za uyoga wenyewe. Rangi ya kijani hutokea baadaye, na palipotanda uyoga hauoti. Katikati ya miaka ya 1980 ulileta hasara kubwa Ireland, ambako viwanda vya mboji viliuzia wakulima wengi mifuko iliyokwisha kutiwa mbegu. Kosa la kiwanda kimoja liliweza kuingia katika mabanda mengi.

Je, muuzaji asiyejua ana lawama? Dhambi ya kudanganya haimpati. Hata hivyo, fiqhi inampa mnunuzi khiyari ya aibu: kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa humpa haki ya kurudisha mali. Akijua akanyamaza, hapo ni ghushi.

Uyoga tunaootesha katika mifuko huku kwetu nao hushambuliwa na ukungu wa jamii hiyo. Basi kwa wenye miradi:

1. Osheni mikono na vyombo kabla ya kutia mbegu, na mzuie nzi.
2. Anzeni kazi banda jipya, mmalizie la zamani.
3. Doa la kijani lifunikwe kwa chumvi bila kutimuliwa.
4. Andikeni tarehe ya kila mfuko, na mteja akilalamika, mfuateni mkaangalie.

Tohara ni ibada, na katika kazi hii ndiyo kinga ya mali ya mwenzako. Wallahu a'lam.