Somo: Kaburini kwa Padre Mshairi
(Someni Waebrania 13:7)

Padre George Herbert alichunga mtaa wa Bemerton, karibu na Salisbury, Uingereza, miaka mitatu tu. Alifariki mwaka 1633, akiwa na umri wa miaka 39, akazikwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Andrea.

Tulipofika huko tulitazamia kaburi kubwa. Tulikuta herufi mbili za jina lake na mwaka, karibu na altare.

Yasimuliwa kwamba alipokuwa mahututi alimpelekea rafiki yake, Nicholas Ferrar, mashairi yake: yakiweza kumfaa mwenye huzuni, yachapwe, la, yachomwe moto. Yalichapwa mwaka ule ule.

Wapendwa, hatukwenda kuliabudu jiwe. Tulimshukuru Mungu, tukajiuliza: kazi zetu zitamfaa nani tukisha kuzikwa?