Neno «anemi» halitoshi kwenye fishi

Ndugu mfanyakazi, siku unapompeleka mtoto dispanseri unaangalia sindano na dawa. Karatasi huiangalii. Leo nakuomba uiangalie.

Sisi wa dispanseri tumezoea kuandika neno moja: anemi, yaani upungufu wa damu. Katika kitabu cha namba za magonjwa cha OMS, chapa ya 10, neno hilo peke yake linapewa namba D64.9. Namba hiyo ni gunia la kila mtu ambaye sababu ya ugonjwa wake haikuandikwa. Mtoto wa SS akitupwa humo, siku akiugua Likasi au Kolwezi ambako hakuna anayemjua, munganga ataanza upya. Pengine atatibu malaria tu, na mtoto analia mifupa. Tena hospitali ambayo SS wake wote wamo ndani ya gunia, katika mahesabu inaonekana haina SS. Nani ataiagizia dawa zao?

Kosa la pili nimelifanya mimi mwenyewe. Kuna kipimo kinaitwa Emmel: tone la damu linachanganywa na dawa, linafunikwa kioo, tunatazama kwa mikroskopi kama chembe nyekundu zinajikunja kama mundu. Zikijikunja, laboratwari inaandika «pozitifu». Lakini za mtu wa AS pia zinajikunja! AS amerithi upande mmoja tu, kwa baba au kwa mama, na kwa kawaida ni mzima. SS amerithi pande zote mbili. Emmel haiwatenganishi; elektroforezi ndiyo inawatenganisha. Nilipokuwa mgeni katika kazi nilisoma «pozitifu», nikaandika «SS» kwenye fishi ya msichana wa AS. Miaka miwili alikatazwa kukimbia na wenzake, na ndugu za baba wakawa wanamnyooshea mama kidole. Tulipowapima wote, AS ilikuwa ya baba. Nilikwenda kwao kuomba radhi.

Basi, uliza fishi inasema nini. AS ni D57.3. SS ambaye hana shambulio ni D57.1, siku ya shambulio ni D57.0. Kando ya matokeo waandike aina ya kipimo na tarehe. Mtoto akitiwa damu, siku hiyo iandikwe pia, maana damu ya mtu mwingine inadanganya elektroforezi. Tunangoja karibu miezi 3. Na kwa mtoto wa chini ya miezi 6, Emmel inaweza kukosa kuona SS. Irudiwe.

Emofilia ni adimu, inashika hasa wavulana: goti linavimba kwa damu ya ndani, jeraha dogo linatoka damu siku nzima. Namba ni D66 au D67, kufuatana na aina. Lakini kabla ya namba, mwambie munganga aandike juu kabisa, kwa wino mwekundu: hapana sindano ya msuli, hapana aspirini.

Chapa ya 11 ya kitabu imeanza kutumika tangu 2022, na namba zake ni nyingine. Kwa hiyo jina la ugonjwa liandikwe kwanza, kwa urefu, namba ifuate. Na ukihamishwa kazi, omba nakili ya fishi za watoto mbele ya kufunga mizigo.