Viongozi wa wanafunzi na biashara chuoni: mambo manne ya kuzingatia

Katika vyuo vikuu nchini, biashara nyingi huanzia bwenini: kusuka nywele, kunyoa, kuuza mitumba, mayai au smokie. Wanafunzi wengine hutoa mtaji kwenye mkopo wa HELB. Biashara ikianguka, pesa za karo na chakula huenda nayo.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2016, inatambua baraza la wanafunzi. Baraza linaweza kuwasaidia wanafunzi wafanyabiashara kwa njia hizi:

1. Mahali pa kuuzia. Ombi la mwanafunzi mmoja hupuuzwa kwa urahisi. Baraza linaweza kukubaliana na usimamizi wa chuo kuhusu siku ya soko, eneo na kanuni za usafi. Nafasi zigawanywe kwa kura ya wazi. Kiongozi mwenye biashara asikae kwenye kamati inayozigawa.

2. Mafunzo ya hesabu. Tuseme mwanafunzi ananunua trei ya mayai 30 kwa sh. 450, kisha anatumia sh. 150 kwa gesi na kachumbari. Gharama ni sh. 600. Akiuza kila yai kwa sh. 30, anapata sh. 900, faida sh. 300. Lakini akila matano na kukopesha matano yasiyolipwa, anabaki na sh. 600 tu. Amefanya kazi siku nzima bila faida. Kila yai liandikwe daftarini, hata alilokula mwenyewe.

3. Kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka Hazina ya Uwezo. Wanachama wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani atalipa mwenzao akishindwa.

4. Vibali. Anayeuza nje ya lango la chuo anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Anayeuza chakula, ndani au nje, awe na cheti cha afya. Bila stakabadhi hizi, bidhaa zote zinaweza kuchukuliwa kwa siku moja.

Wazazi nao wana nafasi yao. Kijana akiomba pesa za kuongeza mtaji, aulizwe kwanza: daftari la mwezi uliopita liko wapi?