Tundu la Makula: Kufungika kwa Tundu na Kurejea kwa Uoni

Makula ni eneo dogo lililo katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndilo linalomwezesha mtu kusoma, kutunga uzi sindanoni na kutambua nyuso za watu. Kadiri umri unavyosonga, ute uliojaa ndani ya jicho husinyaa na kujitenga na retina. Pale unaposhikamana mno na makula, huivuta hata ikapasuka. Mgonjwa huona mistari iliyonyooka kana kwamba imepinda, kisha doa katikati ya kila anachokitazama.

Zamani hali hii ilihesabiwa kuwa haina tiba. Mwaka 1991, Neil Kelly na Robert Wendel wa Marekani walitoa taarifa ya upasuaji wa macho 52: ute uliondolewa, gesi ikajazwa, na tundu likafungika katika asilimia 58 ya macho hayo. Siku hizi, ambapo aghalabu hubanduliwa pia utando mwembamba wa juu ya retina, matundu mengi hufungika kwa upasuaji mmoja.

Hata hivyo, kufungika kwa tundu si sawa na kurejea kwa uoni. Kingo za tundu huvimba na kujaa vifuko vya maji, nazo seli zinazopokea mwanga hutengana na tabaka linalozilisha. Kadiri utengano huo unavyodumu, ndivyo seli zinavyozidi kufa. Kwa hiyo tundu dogo, lisilozidi maikroni 250, na la muda mfupi huleta matumaini makubwa kuliko lile linalozidi maikroni 400. Baada ya upasuaji, tabaka la seli hizo hujijenga polepole kwa miezi kadhaa. Likibaki na pengo, uoni hubaki hafifu ijapokuwa tundu limefungika.

Mhudumu wa afya na apime kila jicho peke yake, kwani jicho zima huficha ulemavu wa jicho jingine. Anayeona mistari ikipinda apelekwe mapema kwa daktari bingwa wa retina, miwani haitamsaidia.

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji afuate maelekezo ya kulaza uso chini, na asisafiri kwa ndege hadi daktari athibitishe kuwa gesi imekwisha, kwa maana angani gesi hutanuka na kuongeza shinikizo la jicho. Ajue pia kuwa mtoto wa jicho hutokea mara nyingi baadaye, naye hutibika. Maumivu makali au kupungua kwa uoni kwa ghafla kunataka arudi hospitali siku hiyo hiyo.