Mawakala wa Akili Unde na Suala la Kumbukumbu katika Uundaji wa Programu

Makala haya yanachunguza namna mawakala wa akili unde wanavyoshirikiana kuunda programu kubwa ya tarakilishi kwa muda mrefu. Wakala hapa ni programu inayopewa lengo, ikaandika msimbo, ikaujaribu na kuurekebisha bila kungoja agizo kwa kila hatua. (Upatanisho wa A-WA umefuata mazoea ya nomino yenyewe, iwapo kitu kisicho na uhai kinaustahili ni mjadala ambao wanasarufi hawana budi kuukabili.)

Mfano mwafaka ni jaribio lililoelezwa na mtafiti Nicholas Carlini wa kampuni ya Anthropic mnamo Februari 2026. Mawakala 16 waliachiwa waunde kompaila ya lugha ya C, yaani programu inayofasiri msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa maagizo ya mashine. Baada ya vipindi takriban 2,000 na gharama ya karibu dola 20,000, ilipatikana kazi ya mistari 100,000 hivi, yenye uwezo wa kufasiri kiini cha Linux.

Ugumu haukuwa katika kuandika. Kila kipindi kilipoanza, wakala alikuwa kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo na mwenyeji: hakukumbuka lolote. Hivyo basi, kumbukumbu ilibidi ihifadhiwe nje yake, katika maandishi: hatua iliyofikiwa, njia zilizoshindikana na kazi iliyosalia. Aidha, aliyechagua kazi aliweka faili ndogo ya kuitangaza kuwa yake, wenzake wasije wakaigusa. Mnyapara hakuwepo.

Utaratibu huu ulifaa maadamu makosa yalikuwa mengi na yametengana. Ilipofika zamu ya Linux, ambayo ni kazi moja kubwa, wote walikumbana na kosa lile lile, kila mmoja akalirekebisha kivyake, wakafutiana kazi. Kuwa 16 hakukuwafaa kitu. Frederick Brooks alikwisha kuonya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Yamkini onyo hilo linawahusu mawakala pia. Ufumbuzi ulikuwa kuiachia kompaila kongwe ya GCC sehemu kubwa ya faili, na ile mpya ikapewa chache tu zilizoteuliwa kibahatinasibu. Ndipo kila wakala alipopata kosa lake la kushughulikia.

Ikumbukwe kwamba binadamu hakuondoka kabisa. Ndiye aliyeandaa majaribio ya kupimia kazi, na jaribio lenye kasoro lingewafanya mawakala watatue, kwa bidii ile ile, tatizo lisilo lenyewe.